Jua Ndilo Lililovunja Beseni la Mama Yako

Mkuza, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Rehema,

Wewe na shangazi yako Tatu mmetoka kwenda kuaga majirani, na najua hamtarudi kabla ya magharibi kwa sababu kila nyumba itawakalisha na kuwapa uji. Nimekaa dirishani, mwanga bado ni mzuri, na nikimaliza nitaikunja barua hii, niitie bahashani na kuilaza juu ya kanga zako sandukuni. Nakujua. Alfajiri utalifungua sanduku hilo mara tatu kuhakikisha hujasahau kitu. Basi mara ya kwanza utanikuta mimi.

Sikuandikii habari za kusali kwa wakati, wala za kuchemsha maji ya kunywa, wala za kujihadhari na watu wa kwenye treni. Shangazi yako amekwisha kukuambia yote hayo na mengine ambayo hata si ya kweli. Hutashindwa huko chuoni. Mtoto aliyesoma kwa kibatari huku akisonga ugali na kuongoza nyumba ya mjane hashindwi na ualimu. Mimi nina jambo moja tu, nimekaa nalo karibu mwaka mzima, na kesho treni ikikuchukua kabla sijalisema nitakuwa nimekuibia.

Juzi, mlipokuwa mnapanga nguo, mke wangu Zuhura alikuambia, "Tangu baba yako alipokueleza habari ya lile beseni, moyo wangu umetulia." Nawe ukamwuliza, "Habari gani?" Nilikuwa barazani, nikasikia. Yeye akaanza kuzihesabu kanga zako upya. Hukupata jibu. Jibu ni hili.

Unalikumbuka lilivyokuja? Nililinunua Dar es Salaam kwa Mhindi mmoja, lilikuwa jekundu kama embe dodo lililoiva upande mmoja, na jepesi mpaka nilidhani nimefanyiwa utani. Lilikuwa beseni la kwanza la plastiki hapa mtaani. Mama yako alilipokea kwa mikono miwili, akaligonga kwa kidole, akacheka. "Hili halilii," akasema. "Mabeseni ya bati yanalia, hili limenyamaza kama mwali." Basi likawa hivyo, mwali wake. Aliliweka ndani, chini ya kitanda, limefunikwa kwa kanga kuukuu. Lilitoka siku za Idi, na lilitoka mtoto akizaliwa mtaani, kwa sababu kila mama alitaka mwanawe aogeshwe kwenye beseni jekundu la mke wa karani. Nadhani watoto saba wa Mkuza waliogea humo. Lilikuwa likirudi chini ya kitanda halijakauka vizuri.

Kisha mama yako akafariki, wewe ukiwa na miaka kumi na mitano, na mimi nikawa mtu wa ajabu. Sijui kama uliona. Nilikuwa nakwenda shambani kwa wazungu kuandika marobota ya mkonge, narudi, naandika marobota mengine kichwani, nalala. Siku moja nikalitoa lile beseni na kulisimamisha juu ya uchanja wa vyombo, uso wake umeelekea njia. Nilitaka kila apitaye alione. Nilitaka waseme: nyumba ya marehemu bado ina uchanja safi kama zamani. Nikakuamuru ulioshe kila siku na kulianika hapo hapo, tangu asubuhi mpaka jua lizame.

Ulisema, nakumbuka ulivyosimama, mguu mmoja juu ya mwingine, "Baba, mama alikuwa akiliweka ndani."

Nikakujibu, "Mama yako hayupo."

Rehema, nimesoma mpaka darasa la kumi. Katika wilaya hii wakati wetu tuliofika huko tulihesabika kwa vidole. Lakini katika yote niliyosomeshwa sikuwahi kutamka sentensi ya kijinga kuliko hiyo.

Likakaa juani misimu mitatu. Siku ile ya Ijumaa ulikuwa unalinyanyua limejaa maji ya kufulia. Nilikuwa navaa kanzu. Nikasikia mlio kama wa kijiti kikavu, kisha maji kumwagika, nikatoka mbio. Limepasuka kutoka ukingoni mpaka chini, nawe umeshika vipande viwili, kanga yako imelowa. Nilikupiga kofi. Hilo tu lingetosha kuwa kosa. Lakini nikasema na yale maneno, kwamba umelivunja makusudi kwa uvivu wa kufua, na kwamba kama ungempenda mama yako mikono yako isingelegea. Nikatoka nikaenda msikitini, nikasali mbele ya watu.

Tangu siku hiyo ulikuwa ukiniitikia "Naam, baba" kwa sauti nzuri kabisa. Hukukosa adabu hata mara moja. Ndiyo maana ilinichukua muda kujua kwamba nimekupoteza.

Sasa nikueleze namna nilivyompata Zuhura. Naona haya, kwa sababu haya si maneno ya baba kumwandikia binti yake, lakini mkono ukishaanza kumwandika yeye hausikii amri yangu.

Alikuja anauza mikeka. Wewe ulikuwa shuleni. Alisimama hapo uani, mzigo wa mikeka kichwani umenyooka kama mlingoti, vidole vyake vya zambarau mpaka kwenye vifundo kwa rangi ya ukindu wa kusukia. Kabla hajaushusha mzigo aliona vile vipande viwili vimelala kando ya ukuta.

"Shikamoo, bwana. Nani kalianika hili?"

"Marahaba. Halikuanikwa, limevunjwa. Binti yangu kalivunja."

Akachutama, akaokota kipande, akakipitisha ukucha. Unga mweupe mweupe ukabaki kwenye ukucha wake. Akakikunja kidogo, kikakatika tena.

"Binti yako ana mikono ya jua?"

Nikamwambia plastiki si ukindu, ni kitu cha viwandani Ulaya, kimetengenezwa na wataalamu, hakichakai kwa jua. Nilimwambia kwa Kiswahili changu cha ofisini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka, mwanangu, kicheko ambacho tangu siku ile sijapata dawa yake.

"Haya, karani. Mimi sikusoma. Lakini huko kwetu Maneromango tunatia rangi ukindu tangu bibi zetu, na kila rangi mpya ya dukani tunaipima kabla hatujaisukia mkeka wa harusi. Unachukua ukindu uliotiwa rangi, nusu unaifunika, nusu unaliachia jua. Baada ya mwezi mmoja jua lenyewe linakwambia. Nipe nipime na hiki."

Nikampa. Nilimpa, Rehema, ili nimwonyeshe kwamba amekosea. Nilitaka ushahidi dhidi yako. Usipokumbuka kitu kingine katika barua hii, kumbuka kwamba hivyo ndivyo nilivyoanza.

Alipita kwa majirani akaomba vitu vilivyovunjika, akapata kikombe cha buluu, kisahani cha sabuni cha manjano, kitana cheupe, kifuniko cheusi cha chupa kubwa, na kipande cha mfuko usio na rangi yoyote, ule unaoona ng'ambo. Akavikata vyote kwa urefu wa kidole. Pamoja na kipande cha beseni letu alichokikata pale chini kwenye kitako, mahali ambapo jua halikufika, vikawa sita. Akavipanga juu ya bati la banda la kuku, akafunika nusu ya kila kimoja kwa bati la debe, akagongomea misumari.

"Nitakuja kuviangalia," akasema.

Na akaja. Kila mwezi mchanga, na kila alipokuja niliona ni utovu wa adabu kumwacha arudi na mzigo, basi nikanunua mkeka. Unajua mwisho wake. Wewe mwenyewe ndiye uliyesema, "Baba, humu ndani mikeka ni mingi kuliko miguu." Jirani yetu Mama Chausiku akapaza sauti kutoka ng'ambo ya ua, "Karani, unafungua msikiti? Tuambie tuanze kuchangia taa!" Nikajifanya nasoma gazeti. Lilikuwa gazeti la mwezi uliopita.

Ee mwanangu, siku zile! Nilikuwa nikipanda kwenye lile banda la kuku kwa suruali ya kazini, na kuku wananitukana. Alikuwa akisimama chini ananiuliza, "Buluu inasemaje?" Nami namjibu, "Buluu inakusalimu." Mtu wa umri wangu! Tulizungumza juu ya rangi saa nzima na ukituuliza tulizungumza nini tusingejua. Alinieleza kwamba rangi si nguo ya kuvalia tu. Rangi inaingia ndani ya kitu, inaishi humo pamoja nacho, na jua linapokuja, ni rangi inayoamua kama itapigana nalo, au italiachia lipite, au itashirikiana nalo. "Kuna zambarau moja ya dukani," akasema, "haipauki upesi, lakini inaula ukindu kutoka ndani. Mkeka unaonekana mpya, unaukalia unakatika. Hiyo ndiyo naiogopa kuliko inayopauka."

Na kuna siku, baada ya masika, alifika mlangoni na badala ya kusema "Shikamoo, karani" akasema, "Habari za tangu juzi?" Nikashika mlango. Mwanamke aliyekuwa akiniamkia kwa heshima miezi yote ile ameacha shikamoo! Wewe bado mdogo, hujui kishindo cha jambo kama hilo kifuani mwa mwanamume mzima. Nilimjibu "Nzuri" na sauti yangu ikapasuka katikati kama ya kijana wa jandoni.

Siku tuliyong'oa misumari ilikuwa ya kiangazi, jua kali, wewe umekwenda Kisarawe kwa shangazi yako. Tulikaa uani, vipande vimelala juu ya mkeka mmoja wa ile mingi. Akaanza kuvikunja kimoja kimoja.

Ule mfuko usio na rangi ulisagika mkononi mwake kama jani la muhogo lililokauka. Kitana cheupe kiliacha chokaa kwenye vidole. Cha manjano kilikuwa kimepauka mpaka huwezi kukijua, kama kucha ya mzee, lakini kilikunjika na hakikukatika. Cha buluu kilikuwa bado cha buluu, kizuri, ungesema kimetoka dukani asubuhi. Nikasema, "Hiki kimeshinda." Akakikunja. Kikakatika, tak.

"Umeona?" akasema. "Uzuri wake umekaa, nguvu zake zimekwenda."

Cheusi kilikunjika huku kikakunjika kule. "Cheusi kinalinywa jua chenyewe, kwa juu juu," akasema. "Hakiliachi lifike ndani."

Mwisho akachukua kipande chetu chekundu. Nusu iliyokaa juani ilikuwa ya waridi iliyochujuka, na ukingo wake unamomonyoka. Nusu iliyofunikwa ilikuwa nyekundu, Rehema. Nyekundu ile ile ya siku nilipotoka nalo Dar es Salaam. Akanipa nikunje mwenyewe. Upande mwekundu ukanitii. Upande wa waridi ukakatika kabla sijatia nguvu, kwa mlio ule ule wa Ijumaa ile, wa kijiti kikavu.

Nikaona yote kwa wakati mmoja. Mama yako hakujua habari za rangi na jua, lakini aliliweka ndani na lilikaa jipya. Wewe ulinikumbusha. Mimi ndiye niliyelitoa, nikalisimamisha juani siku hadi siku ili watu waone huzuni yangu ilivyo safi. Siku ile ulipolinyanyua lilikuwa limekwisha kufa zamani, lilikuwa linangoja mkono wowote. Ungeweza kuwa wangu. Lingevunjikia mikononi mwangu ningesema ni bahati mbaya.

Zuhura akanitazama. "Haya, karani. Kamwambie mwanao."

"Nitamwambia," nikasema. Na kwa kuwa niliogopa kuendelea na mazungumzo hayo, na kwa kuwa alikuwa amekaa pale na vidole vyake vya zambarau na jua limempiga upande mmoja wa uso, nikamwambia jambo jingine lililokuwa limejaa kooni kwa mwaka mzima. Nikamwomba tuoane.

Hakushtuka. Alikusanya vile vipande akavifunga kwenye pindo la kanga. "Kwanza kamwambie mtoto habari ya beseni. Ukishamwambia, njoo Maneromango uonane na kaka zangu."

Wiki mbili baadaye nilikwenda Maneromango. Kwa barabara ile, kwa baiskeli, niliingia kwa wakwe nimepakaa vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Akanitolea maji ya kunawa, akauliza taratibu, "Umemwambia?"

Nikasema, "Nimemwambia."

Basi. Ndoa yangu, furaha yangu hii ambayo majirani wanaicheka, nyumba hii inayonuka rangi iliyochemshwa na karafuu, asubuhi zangu za kuamka nikimsikia mtu anaimba uani, vyote nimeviingia kwa uongo wa neno moja. Nilijiambia nitakuambia kesho yake. Kisha ikawa baada ya harusi. Kisha nilikuwa na raha kiasi kwamba kila nilipofungua mdomo kukueleza niliona ni kama kuleta msiba kwenye ngoma. Nawe ulikuwa ukiniitikia vizuri, "Naam, baba." Nikajidanganya kwamba umesahau.

Juzi, ulipokwenda kisimani, nilidhani Zuhura atanigombeza. Hakunigombeza. Aliingia chumbani, akavuta vile vipande viwili vya beseni kutoka nyuma ya mtungi, akakaa chini. Akatoboa matundu kwa msumari wa moto, pande zote mbili za ufa, akachukua sindano ya magunia na uzi wa ukindu, akaanza kushona kama anavyoshona ukili na ukili wa mkeka. Nikamwambia halitashika maji.

"Najua halitashika maji."

Akashona mpaka chini. Alipomaliza akakata uzi kwa meno, akanisogezea kalamu na karatasi.

"Mdomo wako umeshindwa mara mbili. Mkono wako umesoma. Andika."

Ndiyo naandika, mwanangu. Hukulivunja. Hukuwa mvivu, hukulegea, na hakuna siku hata moja uliyoacha kumpenda mama yako. Nilikupiga kwa kosa langu, nikakuvika maneno ambayo hata mtu mzima yangemlemea, kisha nilipopata ukweli nikaukalia kwa sababu ulinipendeza mimi kuwa na furaha. Naomba unisamehe. Siombi kwa sababu unaondoka. Ningepaswa kuomba siku ile uani, kwa magoti, mbele ya Mama Chausiku na kuku wote.

Shangazi yako ameniambia ulilomwambia, kwamba likizo utakwenda kwake Kisarawe, kwa kuwa "nyumba ya Mkuza sasa ni yao." Alidhani ananifanyia hisani kunificha nusu ya maneno, lakini unamjua, hawezi kuficha hata nusu ya sukari. Sitakubishia kwa barua. Nitakuambia tu kwamba chumba chako hakijapangwa kitu. Zuhura hakuthubutu hata kuweka ukindu wake humo, na ukindu huo umejaa mpaka chini ya meza yangu ya kuandikia. Anaogopa kukuuliza kama anaweza kukuita mwanangu. Anakuita "Rehema wetu" ukiwa haupo.

Nilikuwa nikidhani huzuni ni kitu cha kuonyesha na furaha ni kitu cha kuficha. Nimekosea kotekote. Nikitazama nyuma naona miaka ile mama yako yupo, wewe mdogo, umekaa ndani ya beseni lile jekundu kavu sakafuni na kujisukuma kwa mikono, ukisema ni lori la mkonge, na mama yako anapiga honi. Unakumbuka? Ulikuwa mkubwa tayari kwa mchezo huo, magoti yako yalifika masikioni. Sote watatu tulicheka mpaka mama yako akaomba maji. Hilo nimelikumbuka leo, nimeshika kalamu. Kofi lile lilikuwa limenifunikia hata hilo.

Nawasikia sasa. Mama Chausiku anakuchelewesha langoni, anakwambia usirudi na mume wa huko mbali. Lazima nimalize.

Ndani ya bahasha kuna kipande chekundu, kile cha banda la kuku, na nusu yake ya waridi iliyokatika. Kunja nusu zote mbili, upate kuamini kwa mkono wako mwenyewe, usiamini kwa neno langu.

Na alfajiri, ukitoka, utalikuta beseni la mama yako mlangoni karibu na kandambili zako. Halishiki maji, lakini litabeba vitabu, au nguo zilizokunjwa. Ni lako. Ukitaka, lifunge juu ya sanduku, nami nitalibeba mpaka stesheni juu ya kichwa changu mwenyewe, watu waone karani wa mkonge amebeba beseni lililoshonwa. Kama bado huwezi, liache hapo hapo mlangoni bila kusema neno. Nitaelewa, wala sitakuuliza njiani. Nitalirudisha chini ya kitanda, nilifunike kwa kanga, likungoje.

Nilisema sina maagizo. Ninalo moja. Huko uendako, ukilichukua, usilianike.

Ni mimi,
Baba yako